Sinema Mbili za Kibiti na Mtoto Niliyemnyonyesha

Sinema nilizopata kuziona maishani hazifiki kumi. Mbili za kwanza niliziona Kibiti, jioni mbili zilizofuatana, enzi za Mwingereza, na hizo tu ndizo ninazoweza kuzitolea maoni. Nyingine zote nilizitazama kama mtu anayetazama mvua ikinyesha kijiji cha jirani. Ya kwanza ilikuwa ya mpelelezi, ya pili ya watoto. Ya mpelelezi ilinichekesha pale ambapo mwenye kuitengeneza hakukusudia kuchekesha mtu. Ya watoto ilinichoma. Nitaeleza kwa nini, ingawa kueleza ni kujianika.

Nilikuwa na miezi mitatu tangu nimzike mwanangu. Alikuwa binti, wa pekee, miaka mitano na kidogo. Surua ilipita Mtawanya mwaka ule ikawachuma watoto kama mtu anavyochuma kunde, huyu anamkata, huyu anamwacha. Katika uwanja wetu walikuwamo wawili, na wote wawili waliugua siku moja. Wangu alikufa. Wa mke mwenzangu akapona.

Mume wetu alikuwa mkata mikoko. Alikaa huko delta miezi kwa miezi akikata boriti, na sisi wake zake wawili tuliishi kwa mama yake, Mtawanya, tukilima mpunga na muhogo. Mimi ndimi mkubwa kwa kuolewa, mtu wa hapo hapo, nimesoma hadi darasa la pili kwa sababu baba yangu alikuwa mbishi. Mwenzangu aliletwa kutoka Kiongoroni, kule visiwani karibu na bahari, hajui hata jembe linashikwaje. Tulijifungua tukipishana siku tisa. Yeye akashikwa na homa ya uzazi, maziwa yakamkauka. Mama mkwe akakinyanyua kile kichanga chake, akaja chumbani kwangu, akakiweka kwenye ziwa langu la kushoto. Wangu alikuwa kulia. Hakuniuliza, wala mimi sikungoja kuulizwa. Nikawanyonyesha wote wawili mpaka wakaacha wenyewe.

Kwa hiyo yule aliyebaki alikuwa mtoto wangu wa ziwa, kwa dini na kwa mila. Aliniita mama mkubwa. Maziwa yalikuwa yale yale, na mimi niliyeyatoa nilikuwa yule yule. Basi nilikuwa nikikaa nikijiuliza kwa nini ya kulia yamekwenda ardhini na ya kushoto yanakimbiakimbia uani yakifukuza kuku.

Nilimwonea mwenzangu wivu. Wivu wa mume nilikuwa nimeumaliza zamani. Huo ni wivu wa wali, unapikwa, unaliwa, sufuria inaoshwa. Huu ulikuwa mwingine. Asubuhi ilikuwa sauti moja inadai uji badala ya mbili, na sauti hiyo haikuwa inaniita mimi. Mwenzangu akimsuka nywele mwanawe, alimsuka nje, juani, na mimi nikawaza kwa nini hamsukii ndani, anamwonesha nani. Siku moja alimfinya kwa kumwaga chumvi, mtoto akalia. Niliuonea wivu hata ule mfinyo. Mimi sikuwa na wa kumfinya.

Mimi si msemaji. Lakini wivu hausubiri kusemwa, na mwenzangu aliusikia kama mtu anavyosikia harufu ya kitu kinachoungua jikoni kwa mwenzake. Akamfunga mtoto hirizi kiunoni. Nikipita, alimvutia karibu akamfunika kichwa na upindo wa kanga. Na jambo lililoniuma kuliko yote, tangu siku ya msiba hakuniachia tena mtoto nikabaki naye peke yetu, hata kwa muda wa kuchota maji. Yule yule aliyekuwa akiniachia kutwa nzima akaenda shamba bila kuaga.

Ndipo nikaanza kumpeleleza. Wanawake wa kwetu tunasuka ukili wa mikeka, na mtu anayesuka ukili hakuna amwangaliaye. Vidole vinakwenda vyenyewe, macho yako huru. Nilikaa kibarazani nikasuka, nikaona. Niliona chungu chake kikubwa kimekwenda kwa jirani na hakikurudi. Niliona nguo za mtoto zinafuliwa zote kwa siku moja. Nilimsikia akimuuliza mpita njia mitumbwi ya Kiongoroni inashuka siku gani. Halafu nikamsikia akizungumza na mama mkwe nyuma ya nyumba.

"Mama, nataka nimpeleke mtoto akaonane na bibi yake."

"Utakwenda mumeo akirudi."

"Si yuko huko huko delta? Nitamkuta njiani."

"Na mpunga wako?"

"Mpunga utaliwa na ndege, mama. Kuna vingine vinavyoliwa na macho."

Mimi nikakosea kupinda ukili, nikalazimika kufumua shibiri nzima.

Nililoelewa ni kwamba akienda Kiongoroni harudi, au akirudi atarudi peke yake, mtoto kamwacha kwa mama yake. Nami nitakuwa sina hata nusu. Nilimwonea wivu kwa kuwa naye, na nilitaka abaki naye hapo mbele ya macho yangu. Yote mawili nilikuwa nayo kifuani kwa wakati mmoja, na sidanganyi nikisema sikujua lipi zito.

Wiki hiyo ndipo lilipokuja gari la sinema.

Lilikuwa gari la serikali, likienda kusini. Lilifika kivuko cha Ndundu likakuta mto umejaa, pantoni imefungwa kwa kamba haithubutu kuvuka, likarudi Kibiti kungoja maji. Jumbe akaona kuliko watu wa gari wakae bure wakila kuku wake, bora wafanye kazi. Mbiu ikapigwa mpaka kwetu Mtawanya, kwamba jioni ya leo na ya kesho, uwanja wa soko, bure, wanawake na watoto pia.

"Twendeni," alisema mama mkwe.

"Mie nina msiba," nikasema. Nilikuwa bado navaa kaniki.

"Arobaini imepita. Kutazama shuka jeupe si ngoma. Inuka."

Tukaenda wanne, yeye mbele na bakora yake, mwenzangu na mtoto katikati, mimi nyuma. Ni mwendo wa saa nzima. Njia nzima nilitazama visigino vya yule mtoto vikigeuka vyeupe kwa vumbi.

Walitundika shuka kubwa kati ya milingoti miwili. Mbele ya gari alisimama bwana mmoja kutoka Dar es Salaam, kavaa suruali fupi na soksi ndefu, na kipaza sauti mkononi. Picha ilisema Kiingereza, yeye akatufasiria, na palipomwia vigumu akaongeza yake. Kwanza ilikuja picha fupi ya kufundisha kuchimba choo. Hiyo siihesabu.

Kisha ikaja ya mpelelezi. Ilihusu vita ile kubwa iliyokuwa imekwisha miaka si mingi, ambayo vijana wa kwetu kadhaa waliipigana wakiwa Keya, jeshi la Mwingereza, na si wote waliorudi. Mzungu mmoja mwenye masharubu membamba anapanga chumba kwa mwanamke mjane katika mji wenye bandari. Mchana anauza saa. Usiku anachora meli. Kaka yake yule mjane ni ofisa wa jeshi, na mjane anampenda mpangaji wake, hajui kwamba kamfuga chatu chumbani.

Maoni yangu juu ya mpelelezi yule ni kwamba hakuijua kazi yake. Kwanza, aligeuka mno. Kila akitembea hatua kumi, anageuka nyuma. Mtu mwenye nia njema hageuki kila saa, anatazama anakokwenda. Pili, hakuwa na kazi ya mikono. Alisimama dirishani mikono mitupu, akitazama bandarini. Angekuwa na ukili! Hata kama wao hawana ukili, basi angemenya hata viazi. Nilimtazama nikasema moyoni, ewe bwana, njoo Mtawanya nikufunze. Tatu, alimwamini mwanamke aliyempikia. Anayekupikia anajua leo umekula kiasi gani, na anayejua hilo anajua mengine yote.

Hapo nilijisikia nimeshikwa, kwa sababu mwenzangu hupika zamu yake na mimi hula. Naye bila shaka alikuwa ameona siku nyingi kwamba sahani yangu inarudi nusu.

Palikuwa na mahali ambapo uwanja mzima ulisimama. Mpelelezi alipata barua ya siri. Akaisoma, akafunga mlango, akachukua bakuli jeupe, akatia maji, akaitumbukiza ile barua. Wino ukaanza kutoka kwenye karatasi, ukazunguka majini. Sisi sote, tangu watoto hadi vizee, tulijua anafanya nini. Anafanya kombe. Kwetu mtu akiumwa au akiwa na safari ya hatari, mwalimu humwandikia aya kwenye sahani kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji, maji yale akanywa. Watu wakatulia kwa heshima. Hata kina mama waliokuwa wakipiga soga walinyamaza. Tukasema kumbe Wazungu nao wanayajua haya, ila wanatuficha.

Mpelelezi akalitikisa bakuli. Akatazama dirishani. Akamwaga yale maji kwenye chungu cha maua.

"Kamwaga kombe!" bibi mmoja akapiga kelele.

"Lahaula!"

"Kunywa, we mjinga! Kunywa!"

Bwana wa kipaza sauti akapaza, "Tulieni, ndugu zangu. Anaharibu barua asije akakamatwa nayo!"

"Nyamaza, weye wa soksi!" akajibu mtani wetu mmoja kutoka milima ya kusini, mtu wa mdomo, aliyekaa mbele kabisa. "Soksi zimekubana mpaka kwenye akili. Hujui kombe ukiliona?"

Uwanja ukaangua kicheko, na baada ya hapo yule bwana hakuaminiwa tena kwa lolote. Mwisho wa picha mpelelezi alipigwa risasi kituo cha garimoshi, akaanguka na kofia ikabingirika. Watu wakasema inna lillahi, ingawa alikuwa adui. Mtani akasimama, akajifuta suruali, akasema, "Shauri yake. Angekunywa."

Nilicheka. Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu msiba, na mara nikageuza uso kwa haya, nikakutana na macho ya mwenzangu. Naye alikuwa anacheka. Kwa kitambo kama cha kupepesa macho tulikuwa wake wenza wa zamani, wale wa kuombana chumvi. Kisha akamtazama mtoto aliyelala magotini pake, akavuta kanga.

Jioni ya pili ndiyo iliyoharibu.

Picha ya watoto ilikuwa nzuri, na sitaki kuidhulumu kwa sababu ya yaliyonipata. Wamo watoto watatu wa Kizungu na mbwa wao. Wanaokota mapipa matupu, wanaunda chelezo, wanashuka nacho mtoni bila kuwaambia wazazi. Wale watoto walikuwa watovu wa adabu. Walimjibu baba yao wakiwa wamesimama, tena mmoja kinywani ana mkate. Mbwa alikula pale pale wanapokula watu. Na mapipa yale waliyafunga vibaya, kamba imezungushwa mara moja tu juu juu. Mtoto wa Rufiji wa miaka saba angewacheka.

"Kitafumka hicho," mama mkwe akasema mapema kabisa. Na kweli kikafumka. Watu wakamsifu kana kwamba yeye ndiye aliyekifumua.

Nilichokipenda ni kale kasichana kadogo. Bwana wa kipaza sauti alijaribu kutueleza kile alichoiba kabatini, akashindwa, akasema ni asali. Kalilamba kidole kimoja kimoja, hakana haraka, kakimaliza kanachungulia kama kimebaki kingine. Mtoto wetu alicheka mpaka akakohoa. "Mama mkubwa, umemwona?" akaniuliza, akipita juu ya magoti ya mama yake kunifikia. "Nimemwona," nikasema. Mama yake akamrudisha kwa upole. Kwa upole, lakini akamrudisha.

Chelezo kilipofumka, mvulana mmoja kati ya wale watatu alizama. Wakamtoa. Akashikwa na homa. Picha ikaingia chumbani, kitanda cheupe, taa, mama kakaa ubavuni kamshika mkono. Uwanja wa soko wa Kibiti ukawa kimya hata nikasikia mashine ya gari inavyounguruma. Kina mama wakaanza kuomba dua kwa sauti ndogo, na wengine wakaitikia amina. Waliliombea dua shuka. Siwacheki, maana na mimi midomo yangu ilikuwa inakwenda.

Akaja daktari. Alipovua kofia, uwanja ukalipuka.

"Huyu si tulimzika jana?"

"Ndiye! Masharubu yale yale!"

"Kanywa kombe huko huko," akasema mtani, "kafufuka, kafanywa daktari."

Kweli alikuwa yule yule mpelelezi. Bwana wa kipaza sauti akaeleza kwamba ni mtu mmoja, kazi yake ni kuigiza, leo anakufa kesho anaishi. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilijua ni maigizo, mimi si mtoto. Lakini niliwaza kwamba wapo watu ambao kwao kufa ni mchezo wa jana, na kesho yake huyo anaingia mlangoni anavua kofia. Nikauonea wivu hata mlango ule.

Kisha mtoto akafumbua macho. Akasema ana njaa. Mama yake akainamisha kichwa kitandani akalia kwa furaha, na uwanja wote ukapiga makofi. Wanaume walipiga miluzi, wanawake walipiga vigelegele. Mama mkwe alipiga bakora yake chini. Mwenzangu alipiga makofi na machozi yanamtiririka, kamkumbatia mwanawe kati ya mikono, hivyo makofi yake yakawa yanapigwa mbele ya uso wa mtoto.

Mimi mikono yangu ilikuwa mapajani. Ilikataa kunyanyuka. Nilimwonea wivu yule mwanamke wa kwenye shuka kwa namna ambayo sijapata kumwonea mtu mwenye damu. Nywele zake zilikuwa zimechanwa! Mwanamke mwenye mtoto mahututi, nywele zimechanwa, na shanga shingoni. Mimi siku zile tatu za surua ya mwanangu sikujua kama nina kichwa. Na picha haikuonesha kitanda cha pili. Hilo ndilo ninaloilaumu sinema ile hadi leo. Kila mtoto anayepona homa, jirani yake yupo asiyepona, na mama wa huyo yupo, amekaa gizani, anasikia makofi. Aliyetengeneza picha ile hakumjua, au alimjua akaona hafai kuoneshwa.

Mwenzangu aligeuka akaniona. Aliitazama mikono yangu kabla ya uso. Alichokisoma hapo sikuweza kukikana, kwa sababu alikisoma sawasawa, ila aliongeza mstari ambao haukuwamo. Akanyanyuka na mtoto, akaenda kukaa upande wa pili wa gari. Kurudi nyumbani alitangulia mbali, mtoto mgongoni, nikawa sioni tena vile visigino.

Siku mbili baadaye mtoto akapata homa.

Furushi lao lilikuwa limefungwa tayari, wangeshuka Ijumaa. Alhamisi asubuhi mtoto alikuwa anatetemeka, midomo imekauka. Mama mkwe akamtuma jirani kwa dresa wa zahanati ya Kibiti, akaleta vidonge vichungu vya kwinini. Saa sita mwenzangu akaja mlangoni kwangu, amembeba mtoto. Mama mkwe nyuma yake, na kata ya maji mkononi. Nilipoiona ile kata nikajua wamekuja kwa nini.

Kwetu mtoto akiugua na ndani ya uwanja pana mkubwa anayedhaniwa ana kinyongo naye, mkubwa huyo huletewa maji. Atayatia kinywani, atasema moyoni au kwa sauti kwamba hana kinyongo, kisha atamtemea mtoto kifuani kwa mpulizo mwembamba. Ni jambo la kawaida, mashangazi hulifanya, wajomba hulifanya. Lakini kwa maji hayo hakuna uongo. Anayesema hana naye anacho, wanasema ni kama kaongeza kuni.

"Dada," akasema mwenzangu, "nakuomba umtemee mtoto."

Miezi mitatu hakuniita dada. Nikaitazama kata.

"Siwezi."

"Huwezi, au hutaki?"

"Siwezi kusema sina."

Akamgeukia mama mkwe. "Umesikia, mama? Umesikia kwa masikio yako? Nilikwambia. Nikaambiwa mie mtu wa visiwani nina maneno. Haya, sasa nani mwenye maneno?"

"Nyamaza weye," mama mkwe akasema. Akakaa kizingitini, akaiweka kata kati ya miguu yake. Aliniangalia mimi. "Unacho?"

"Ninacho."

"Basi kitoe. Kinyongo kilichosemwa hakina meno. Kitoe tukione, jua linakwenda."

Sikuwa na mazoea ya kusema. Nilianza nikaacha, nikaanza tena. Nikasema nilitaka tulingane. Nikasema, si kwamba nilitaka huyu afe, wallahi sikutaka, ila mara nyingine nilitaka mama yake ajue inavyokuwa, hata kwa asubuhi moja. Nikasema kwamba akimsuka nje naona kama ananisuka mimi kwa miiba. Nikasema, juzi wote mlipiga makofi, na mimi nilimchukia mtoto wa kwenye shuka kwa kufumbua macho. Nikasema, huyu ana maziwa yangu mwilini, na mnamfungia furushi kana kwamba mimi ni mpita njia. Akienda Kiongoroni, nitabaki na nini? Nimesema. Ndicho hicho.

Nilitegemea anitukane. Alikuwa amesimama, anambembeleza mtoto kwa kuyumbayumba, hata sidhani kama alijua anayumba.

"Siku ile," akasema, "wako alipokata roho, mie nilikuwa jikoni. Nikasikia mama anapiga yowe. Sikujua ni yupi." Akamweka mtoto begani. "Nikakimbia. Nikaona ni wako. Dada, nilisema alhamdulillahi. Nilisema mara mbili."

Mama mkwe akafunga macho.

"Tangu hapo siwezi kukutazama," akasema. "Nikikuona naona na wewe unangoja siku yako ya kusema hivyo."

Nilisikia wivu ukigeuka ndani yangu, haukutoka, uligeuka tu kama mtu anayelala akabadilisha ubavu. Ningekuwa mimi ndiye niliyekuwa jikoni, ningesema mara kumi.

"Maji yanangoja," akasema mama mkwe.

Nikaichukua kata. Kabla ya kuyatia kinywani nilimwambia mtoto kwa sauti, maana sikutaka mtu aje aseme nilificha. "Kinyongo ninacho. Lakini si cha kukutakia kifo. Kaa nasi." Kisha nikayatia maji, mwenzangu akamfunua mtoto kifua, nikampulizia. Yalikuwa baridi, mtoto akashtuka akanipiga kofi la shavu. Mama mkwe akacheka peke yake.

Homa ilishuka usiku wa pili. Kama ni maji, kama ni kwinini, kama ni siku zake hazijafika, mimi sikupewa kujua, na sitajidai najua. Ijumaa ilipita. Mtumbwi ulishuka Kiongoroni bila wao, na furushi likabaki nyuma ya mlango wa mwenzangu, limefungwa vile vile. Hakulifungua, wala hakulibeba. Nilipita hapo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu asubuhi nilikuwa uani natwanga. Mwenzangu akatoka kajifunga kibwebwe, na kombeo mkononi. Mpunga ulikuwa umeanza kushika maziwa, na ndege wa mwaka ule hawakuwa na huruma. Kuamia ndege ni kazi ya kutwa. Anayekwenda na mtoto mgonjwa juani humrudisha na homa.

Akasimama mbele yangu. Mtoto kamshika kidole.

"Nakwenda kuamia," akasema. "Nitarudi alasiri."

Nikasubiri amwinue mgongoni. Hakumwinua. Akakitoa kidole chake taratibu kwenye kiganja cha mtoto, akaenda zake njia ya shamba. Mama mkwe alikuwa amekwenda Kibiti kuzika. Uwanja mzima tulikuwa sisi wawili.

Sitasema nilifurahi. Mtoto alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa akanisimulia sinema yote tangu mwanzo, akakosea kila mahali. Akasema yule kasichana alikula asali akafa, halafu akawa daktari. Nilimsahihisha mara moja, kisha nikamwacha. Adhuhuri nilimpikia wali mwembamba, akala nusu. Nilimtazama anavyotafuna, na wivu ulikuwapo, ulikaa nasi jamvini kama mgeni wa siku nyingi asiyeulizwa tena anaondoka lini. Kisha akalala mapajani mwangu, mdomo wazi. Mguu ukafa ganzi. Nikauacha.

Alasiri ikafika, mwenzangu hajarudi. Kivuli cha paa kikavuka uwanja mzima kikapanda ukuta wa jiko, hajarudi. Nilijua mashamba yetu, nilijua ndege wanalala saa ngapi. Alikuwa anachelewa kwa kusudi, aniachie mtoto kutwa nzima kama zamani, amekaa mahali, anahesabu pumzi zake.

Mwadhini alikuwa ameshaanza magharibi niliposikia nyayo zikisimama nje ya wigo. Halafu nikasikia sauti yake, langoni pa uwanja wake mwenyewe, ikipiga hodi.

"Pita," nikamwambia. "Polepole. Amelala."